Jalada la Leo Ndilo Historia ya Kesho



Taifa lisilotunza kumbukumbu zake hulazimika kusimuliwa habari zake na wengine. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliandikwa na mtawala kwa manufaa ya mtawala. Hata hivyo, kwa kuwa yalihifadhiwa, yamekuwa mali ya wajukuu wa waliotawaliwa. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ilianzishwa mwaka 1963. Miaka michache baadaye majalada hayo yalipangwa kwa msaada wa wataalamu kutoka Ujerumani, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Lakini karatasi za mkoloni hazisemi yote. Ndiyo maana mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Wazee hao wametangulia mbele ya haki. Maneno yao yamebaki.

Ifahamike kwamba kazi hii haianzii katika jengo la hifadhi. Huanzia masjala. Karani afunguaye jalada bila kulipa namba, ofisa alifungiaye katika mtoto wa meza, na mkuu wa shule aachaye rejista za zamani zifungiwe maandazi, wote hao wanaichoma historia bila kuwasha kiberiti. Na wa kwanza kuumia si mwanahistoria. Ni mstaafu ambaye barua yake ya ajira haionekani. Ni mwanakijiji asiye na karatasi ya kuonyesha mpaka wa shamba lake.

Kanuni ya kupanga nyaraka ni nyepesi kuitaja, ngumu kuitii: za idara moja zisichanganywe na za nyingine, na utaratibu zilizokuja nao usivurugwe. Barua hueleweka kwa iliyoitangulia na iliyoifuata. Ikichomolewa peke yake huwa bubu.

Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 inawapa wananchi nafasi ya kusoma kumbukumbu za umma zilizotimiza miaka 30. Haki hiyo ni tupu iwapo jalada lenyewe lililiwa na mchwa. Basi kila ofisi na kila shule ianze na kabati lake. Mali bila daftari hupotea bila habari.