Mlango wa Mtaa wa India

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita)



Juma lililopita nilipanda basi dogo kwenda Bagamoyo. Sikwenda kuogelea wala kula pweza, ingawa pweza nilimla. Niliitwa kwenye kikao cha ukoo, na ajenda ilikuwa moja tu: mlango.

Mlango wenyewe uko katika nyumba aliyoiacha marehemu babu yetu pale Mtaa wa India. Ni mlango wa mbao nzito, mbao mbili zenye mfaa katikati, umechongwa maua na mnyororo pembeni, na una njumu za shaba ambazo sisi tulipokuwa watoto tulikuwa tukizihesabu kwa vidole na kila mtu akipata idadi yake. Sasa amejitokeza mnunuzi. Mnunuzi huyo hataki nyumba, anataka mlango. Na bei aliyotaja, msikilizaji, ni ya kumfanya mtu anyamaze kidogo kabla hajajibu.

Kabla sijakueleza kikao kilivyokwenda, twende pamoja tukautembee mtaa wenyewe, maana wengi wetu tunaokaa Dar es Salaam tunapita Bagamoyo kama mtu anayepita sokoni na mkoba mtupu. Tunakwenda ufukweni, tunapiga picha, tunarudi.

Mtaa wa India ni njia nyembamba inayokwenda sambamba na bahari. Huioni bahari ukiwa mtaani, lakini unaisikia harufu yake katika vichochoro kati ya nyumba na nyumba. Nyumba zimekaa bega kwa bega, nyingine za chini, nyingine za ghorofa moja. Chini ilikuwa duka na ghala, juu walikaa wenye mali na watoto wao. Mbele ya kila nyumba kuna baraza la mawe. Kwenye baraza hizo zilipangwa bei, zilipatanishwa ndoa, na nadhani zilisemwa fitina zaidi ya zote mbili.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuu la magogo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko haukui kufikia urefu upendao wewe, vyumba vyote vikawa vyembamba na virefu. Ukiingia nyumba ya zamani ya mwambao ukaona chumba kina upana wa hatua nne tu, usidhani mjenzi alikuwa mchoyo. Alipimiwa na mti.

Jina la mtaa linatokana na wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka hapo katika karne ya 19: Waismailia, Mabohora, Wahindu, na Wagoa pia. Hao hawakufika kwa bahati. Forodha za Sultani wa Unguja zilikuwa zimekodishwa kwa matajiri wa Kihindi, na fedha iliyopeleka misafara bara ilikuwa mikononi mwao. Mwarabu au Mswahili aliyetaka kwenda Tabora na Ujiji kutafuta pembe alikopa bidhaa kwanza: merikani, kaniki, shanga, masango, baruti. Alilipa akirudi, kama alirudi. Kwa hiyo mtaa huu ulikuwa kama benki ya njia nzima ile, iliyokwenda zaidi ya kilomita elfu moja hadi Ziwa Tanganyika.

Waliobeba mizigo yenyewe wengi walikuwa Wanyamwezi. Kila mmoja alikuwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani, miezi kwa miezi. Walikuwa watu wa kazi, wenye ujira wao, wenye nyimbo zao na migomo yao. Lakini katika njia hiyo hiyo waliletwa pia watu waliofungwa, wasio na ujira wala hiari. Ndiyo maana jina la Bagamoyo lina tafsiri mbili ambazo wenyeji hawajaacha kubishania. Wengine husema ni bwaga moyo, yaani tua, pumzika, safari imekwisha. Wengine husema ni mtumwa aliyeuacha moyo wake pwani kabla ya kupakiwa chomboni. Mimi sioni kwa nini tuchague. Watu wa namna zote mbili walikanyaga mchanga ule ule, pengine siku moja.

Tajiri anayetajwa zaidi katika mtaa huo ni Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Unguja mwaka 1851. Stanley alipofika Bagamoyo mwaka 1871 kukodi wapagazi ili akamtafute Livingstone, alikutana naye akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Ukisoma kitabu cha Mzungu huyo utaona alivyomlalamikia kijana yule kwa hila za bei kurasa kwa kurasa. Hatujui kijana naye angeandika nini juu ya Stanley. Tunachojua ni kwamba kabla hajafariki mwaka 1897 alitoa jengo lake la ghorofa liwe shule ya watoto wa rangi na dini zote, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida hata kidogo, na fedha zake zikajenga hospitali Dar es Salaam. Ukienda Muhimbili leo kuna wodi ya Sewahaji. Mara ngapi tumelaza wagonjwa wetu pale bila kuuliza jina ni la nani?

Wajerumani waliingia mwaka 1888, na mtaa uliwapokea kwa moto. Abushiri bin Salim na watu wa pwani waliinuka, manowari ya Kijerumani ikaupiga mji mizinga, na watu wakakimbilia misheni ya mapadri iliyokuwapo tangu mwaka 1868. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwezi huo huo, hapo Bagamoyo, Stanley na Emin Pasha walikuwa wanafanyiwa karamu, na Emin, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, akadondoka kutoka ghorofani akapasuka kichwa, karibu afe. Miaka yote porini salama, kisha dirisha la Bagamoyo! Wazee wa mtaani kwetu walipenda kukisimulia kisa hicho kila walipotuona tumening'inia dirishani.

Baadaye mtaa ulianza kupungua taratibu. Mwaka 1891 makao makuu ya serikali ya Kijerumani yalihamishiwa Dar es Salaam, maana bahari ya Bagamoyo ni ya maji mafupi na meli za moshi zilikuwa zikitia nanga mbali. Hata hivyo mtaa uliendelea kuvuta pumzi: forodha mpya ilijengwa, boma kubwa likakamilika mwaka 1897. Kilichoumaliza ni reli. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Pembe na nta vilivyokuwa vikifika kwa mabega ya watu vikaanza kufika kwa behewa, mahali pengine. Wenye maduka wakafunga vitabu vyao vya hesabu, wakaifuata biashara. Waliobaki walibaki na duka la chumvi, sukari na mafuta ya taa.

Babu yetu alikuwa mchuuzi wa ng'onda. Alipanga kwanza chumba cha chini, na mwenye nyumba alipoamua kuhamia mjini kwa wanawe, akamuuzia. Babu alifariki, akaacha wake wawili na watoto tisa. Watoto nao wengi wamekwisha kutangulia, wakaacha watoto. Kwa hesabu ya mirathi iliyosomwa kwenye kikao, nyumba ile sasa ni ya watu 34. Mimi ni mmoja wao, na fungu langu, kama lingekatwa, lingenitosha kuweka kiti kimoja na stuli.

Hapo ndipo penye ugonjwa wa mtaa mzima, msikilizaji. Watu hulaumu mvua, hulaumu popo, hulaumu serikali. Lakini nyumba ya watu 34 haina mwenye kununua bati moja. Kila mmoja anasubiri mwingine aanze, asije akajenga cha wote kwa mfuko wake. Bati linatoboka, maji yanaingia juu ya ukuta. Fundi mmoja mzee aliyekuwapo pale alinionyesha kwa kidole: ukuta wa matumbawe na chokaa unaweza kuishi miaka mia mbili ukiwa umefunikwa kichwa, lakini ukinyeshewa juu kwa masika matatu au manne, chokaa ya ndani inayeyuka na mawe yanaachana. Akaongeza kwamba wanaokuja kuziba nyufa kwa saruji wanaua kabisa. Saruji ni ngumu, haipumui. Unyevu unabaki ndani, unatafuta pa kutokea, na unapotokea unatoka na ukuta. Ile methali ya ufa na ukuta sote tuliiimba shuleni. Hakuna mwalimu aliyetuambia tuzibe kwa nini. Hata boma lenyewe la Wajerumani sehemu yake iliporomoka kwa mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, sembuse nyumba ya muuza ng'onda.

Na sheria? Ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Sasa hesabu mwenyewe: nyumba nyingi za Mtaa wa India zilijengwa baada ya mwaka huo, kwa hiyo kinga yake inahitaji tangazo la serikali. Lakini mlango, tena huu ndio uliotushangaza kikaoni, mlango wa kuchongwa wa kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa na sheria hiyo hiyo, na hauwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Yaani mlango wetu una ulinzi ambao nyumba yetu huenda haina. Mnunuzi hakulitaja hilo. Alipoulizwa kama ana kibali, alisema hayo ni mambo madogo, atayashughulikia mwenyewe.

Basi, kikao. Vijana waliotoka Dar es Salaam walizungumza vizuri sana. Walisema mlango ukiuzwa, fedha zitagawanywa kwa haki, kila mtu apate chake, na nyumba haitapungua thamani kwa kuwa imekwisha kupungua. Mmoja alikuwa ameandika mgawo wote kwenye simu yake. Nami nakiri kwamba nilipochungulia pale nikaona tarakimu zilizo mbele ya jina langu, nilikumbuka ada ya shule.

Shangazi yetu, ambaye ndiye pekee anayekaa katika nyumba ile, kwenye vyumba viwili vya nyuma ambavyo havivuji, alinyamaza muda wote. Mwishoni akauliza, "Haya wanangu, mkishauchukua mlango, mimi usiku nitafunga kwa nini? Kwa turubai?"

Hakuna aliyejibu. Kijana wa mgawo alisema watanunua mlango mwingine wa mninga, mzuri, wa kisasa. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, tangu babu yako afariki hujaleta hata msumari. Leo utaleta mlango?" Kisha akanigeukia mimi, ambaye nilidhani nimejificha nyuma ya nguzo. "Na wewe unayesema redioni. Mara ya mwisho ulileta nini?"

Msikilizaji, nilipiga hesabu kichwani. Ilikuwa miaka kumi na mmoja, na nilileta mkate wa mofa na kilo mbili za sukari.

Kikao hakikuamua kuuza wala kutouza. Fundi aliombwa afanye makadirio ya paa la upande wa mbele: boriti, mabati, chokaa na ujira. Boriti zenyewe siku hizi si za kukata tu, misitu ya mikoko imehifadhiwa na lazima upate kibali, kwa hiyo alishauri mbao ngumu zilizotiwa dawa mahali ambapo boriti hazitapatikana. Makadirio yalipokuja tuliyagawa kwa watu 34. Kila fungu lilikuwa chini ya kile ninachotumia mimi kwa vocha za simu katika miezi mitatu. Yule kijana aliirudia hesabu mara mbili kwenye simu yake, akaona ni kweli, akanyamaza.

Mnunuzi ameambiwa asubiri. Alisema atarudi, na sina shaka atarudi, maana anajua kuwa masika hayako mbali na ukuta wa mbele ukianguka bei ya mlango itashuka. Mtaani kwetu kuna nyumba mbili ambazo mahali pa mlango pamezibwa kwa matofali ya saruji. Shangazi anazijua zote mbili na anakumbuka siku lori lilipokuja.

Nilipoondoka alasiri alikuwa ameketi barazani na kitambaa na kikombe cha mafuta ya nazi, anasugua mbao kwenye michongo ya chini ambayo mkono wake bado unafika. Ya juu alinisugulisha mimi kabla hajaniruhusu kwenda stendi.

Sasa naomba radhi kwa wasikilizaji wengine, maana maneno haya ya mwisho ni ya watu wachache. Nyinyi wa ukoo wetu mnaonisikiliza, mlioko Dar es Salaam, Tanga na Morogoro, na hasa nyinyi watatu ambao simu zenu hazikupatikana: kikao kingine ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, pale pale barazani. Fundi atakuwapo. Njooni na fedha ya paa.