Umeme Mgongoni na Mtoto wa Mgongo Wazi



Mwezi Desemba, 2024, idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliidhinisha chombo kipitishacho umeme hafifu kwenye ngozi ya shingo, bila kupasua, ili kuwasaidia watu wazima walioumia uti wa mgongo sehemu ya shingoni kurudishiwa nguvu za mikono. Chombo hicho kilikuwa kimejaribiwa kwa watu 60, na kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka huo huo, asilimia 72 kati yao walipata nafuu. Swali linalofuata ni la haki: je, mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi naye atasaidika?

Jibu lake lahitaji uangalifu. Mtu aliyeanguka mnazi alizaliwa na ugwe mgongo mzima, yaani ile kamba ya fahamu ipitayo ndani ya pingili. Chini ya jeraha mishipa yake ya fahamu ingali hai, ila amri ya ubongo huifikia kwa shida. Umeme ule huiamsha, hata amri iliyo hafifu ikasikika, hasa mgonjwa akifanya mazoezi wakati huo huo. Habari ya mtoto wa mgongo wazi ni nyingine. Ugwe wake haukujifunga katika siku 28 za mwanzo wa mimba, wakati ambapo akina mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito, na mahali pale uliumbika vibaya. Umeme hauwezi kuamsha kisichokuwapo. Waweza, hata hivyo, kuamsha kilichobaki, na wapo watoto ambao kwao kimebaki kingi. Ndiyo maana watafiti wanaendelea kujaribu, wakitazama miguu na kibofu pia. Majaribio hayo kwa watoto bado ni madogo. Aidha, mtoto huyo mara nyingi hana hisia sehemu za chini: kibandiko kikimchoma, hatalia.

Kwa hiyo ni makosa kulidharau jambo hili, na ni makosa makubwa zaidi kumfanya mama auze ng'ombe wake kwa ahadi ya mashine.

Tena kinachomtenga mtoto huyu na wenzake darasani mara nyingi si miguu, bali mkojo. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan alionyesha kwamba kibofu chaweza kutolewa mkojo kwa mpira mwembamba ulio safi, mara kadhaa kwa siku, bila masharti ya chumba cha upasuaji. Mkojo usiporundikana, figo husalimika. Watoto wengi wa shule ya msingi hufundishika kujihudumia wenyewe. Mpira huo hauna waya wala betri; wahitaji maji, sabuni, choo chenye mlango unaofungika, na mwalimu asiyemkatalia mtoto ruhusa saa nne asubuhi. Afisa anayepitisha mchoro wa choo cha shule usiokuwa na mlango huo amekwisha kumfukuza mtoto, ingawa hakuandika barua.

Chombo cha umeme kikithibitishwa kwa watoto, kitaambatana na mazoezi ya wiki nyingi. Watakaofaidi ni wale ambao kufikia siku hiyo figo zao zitakuwa nzima na viungo vyao havijakakamaa.