Kusudi la Sala kwa Mungu Anayejua Yote

Swali la kwa nini Mkristo asali, ilhali Mungu anayemwomba anayajua tayari mahitaji yake, limo ndani ya Injili yenyewe. Katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba Baba yao anayajua wanayoyahitaji hata kabla hawajamwomba, na papo hapo anawafundisha Sala ya Bwana, yenye maombi ya chakula, msamaha na ulinzi. Kwa hiyo, katika mafundisho ya Kikristo, kusudi la sala haliwezi kuwa kumpasha Mungu habari, wala kumlazimisha kwa wingi wa maneno, mwenendo ambao sura hiyohiyo inaukataza waziwazi.

Mnamo mwaka 412 hivi, Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, alilijibu swali hilo katika barua yake kwa Proba, mjane tajiri wa ukoo mashuhuri wa Roma, aliyekimbilia Afrika Kaskazini baada ya Roma kutekwa na kuporwa na Wagothi mwaka 410. Augustino alimweleza kwamba Mungu hahitaji kuarifiwa, bali anataka shauku ya mwombaji ikue kwa njia ya sala, ili moyo wake upanuke na uweze kupokea kile ambacho Mungu yuko tayari kumpa. Kwa mtazamo huo, saa maalumu za sala na maneno yake yaliyopangwa humfaa mwanadamu, ambaye shauku yake hupoa anapozongwa na shughuli, nayo humkumbusha anachopaswa kukitamani.

Hata hivyo, jibu hilo peke yake laweza kumfanya mtu adhani kwamba kuomba ni zoezi la nafsi tu, lisilo na athari yoyote nje ya mwombaji. Katika karne ya 13, mwanateolojia Thoma wa Akwino alilishughulikia tatizo hilo kwa kutumia fundisho la maongozi ya Mungu, yaani imani kwamba Mungu huviongoza viumbe vyote kuelekea lengo alilovipangia. Alieleza kwamba Mungu hapangi matokeo pekee, bali hupanga pia njia ambazo matokeo hayo yatapatikana, na sala ni mojawapo ya njia hizo. Kama vile mkulima anayeamini kwamba mavuno hutoka kwa Mungu asivyoacha kupanda, ndivyo Mkristo asivyoacha kuomba kwa sababu eti mambo yote yako mikononi mwa Mungu. Haombi ili aibadili azma ya Mungu, bali ili apokee kile ambacho Mungu amekusudia kukitoa kwa njia ya kuombwa.

Mafundisho hayo yanaeleweka vizuri zaidi yakipimwa kwa sala ambazo hazikujibiwa kama zilivyoombwa. Yesu, katika bustani ya Gethsemane, aliomba kikombe cha mateso kimwondokee, lakini akayakabidhi mapenzi yake kwa mapenzi ya Baba, na msalaba haukuondolewa. Mtume Paulo, katika Waraka wa pili kwa Wakorintho, anasimulia kwamba alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliokuwa mwilini mwake, akapewa neema ya kuustahimili badala ya kuondolewa mwiba wenyewe. Wahubiri wanaofundisha kwamba ombi lisilotimia ni uthibitisho wa imani haba wanakabiliwa na ugumu mkubwa hapa, kwa kuwa itawabidi ama wamhesabu Paulo miongoni mwa wenye imani haba, ama wakiri kwamba kipimo chao kina kasoro.

Kipimo kinachotolewa na Sala ya Bwana ni kingine kabisa. Sala hiyo hutanguliza utukufu wa Mungu, ufalme wake na mapenzi yake kabla ya mahitaji ya mwombaji. Nayo mahitaji yenyewe huombwa kwa niaba ya wote, hata anayesali peke yake chumbani akawa anaomba pia chakula cha jirani yake. Isitoshe, inafungamanisha msamaha unaoombwa na msamaha unaotolewa, na mara baada yake Yesu anaonya kwamba asiyewasamehe watu makosa yao hatasamehewa yake. Basi mkesha wa maombi, mfungo au ibada ya asubuhi haipimwi kwa urefu wake wala kwa ukubwa wa sauti, bali kwa badiliko la mwenendo linalofuata. Anayetaka kujua kama sala yake inatimiza kusudi lake na aanze kwa kujiuliza ni nani ambaye bado hajamsamehe, na ni jirani yupi mwenye njaa anayempita kila siku akitoka kusali.