Kaiija: Jina la Mahali na Msitu Uliotoweka katika Milima ya Buhaya



Mada ya mwaka huu ni mlima wenye msitu. Naomba radhi kuanza na milima isiyo na msitu. Kuanzia Buganguzi na vilima vingine vya Muleba hadi Maruku, karibu na mji wa Bukoba, nchi ya Wahaya ni migongo ya mawe ya mchanga inayokwenda sambamba na ufuko wa Ziwa Viktoria. Sehemu kubwa ya migongo hiyo ni nyasi tupu, nayo huitwa rweya. Kando yake ni kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ambalo rutuba yake imetokana na samadi na nyasi zilizotandazwa kwa vizazi vingi. Mgeni aionapo rweya hudhani kwamba iliumbwa hivyo tangu awali.

Katika fikra za Wahaya, kibanja ni ndani na rweya ni nje. Peter Seitel, aliyekusanya ngano za Kihaya mwishoni mwa miaka ya 1960, alionyesha jinsi visa vingi vinavyojengwa juu ya mhusika kutoka ndani kwenda nje na kurejea. Nje huko ni milki ya Irungu, mmoja wa Bacwezi, swahiba wa Wamara na wa Mugasha mwenye ziwa. Katika Kinyankole, lugha ndugu ya Kihaya, eirungu ni nomino ya kawaida yenye maana ya nyika au pori. Kwa hiyo jina la mzimu na jina la mahali ni neno moja, na asiyejua lugha atamwona Irungu kama mhusika tu.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilifundisha visasili hivi kama fasihi pekee. Kilichonibadilisha ni Kaiija.

Huko Katuruka, Maruku, palikuwa na mti mkubwa wa matambiko ulioitwa Kaiija, na wazee walieleza kuwa maana ya jina hilo ni mahali pa kufulia chuma. Walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe, anayekadiriwa kuishi katika karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ili afike mbinguni, na mnara huo ukaanguka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyefika huko mwishoni mwa miaka ya 1960, hakulicheka simulizi hilo. Aliwafuata wazee hadi chini ya mti, akachimba, akakuta mabaki ya kazi ya uhunzi. Vipimo vya kaboni viliyaweka zaidi ya miaka 2000 nyuma, yaani muda mrefu kabla ya Rugomora Mahe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1978.

Hapa pana fumbo linalostahili kutukalisha. Jina lilisema kweli, ilhali simulizi lilikosea mfalme kwa zaidi ya miaka elfu. Maelezo ya Schmidt ni kwamba ukoo wa kitawala uliokuja baadaye ulijitwalia mahali patakatifu pa watu waliotangulia, na historia ya mahali ikavishwa jina la mfalme mpya. Mimi nakubaliana naye. Wafalme hubadilishwa katika masimulizi kwa urahisi, lakini jina la mahali hutamkwa kila siku na watu wasio na haja ya kulibadilisha.

Na msitu je? Kuyeyusha chuma kunataka mkaa mwingi. Chavua iliyohifadhiwa katika matope ya ziwa inaonyesha nyasi zikiongezeka na miti ikipungua katika miaka 3000 iliyopita. Wataalamu wangali wanabishana ni kiasi gani kilitokana na ukame na kiasi gani na shoka. Masimulizi ya Kaiija hayasemi kwamba wahunzi waliumaliza msitu. Yanatuonyesha tu mahali pa kuuliza. David Schoenbrun, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alitumia msamiati wa lugha za Maziwa Makuu kuuliza maswali ya namna hiyo, na kazi ya aina yake bado ni haba miongoni mwetu.

Tahadhari lazima iwepo. Kashozi hainitishi: ni kiambishi cha kudunisha ka- na shina lenye maana ya kilima. Lakini chukueni Kamachumu. Mswahili husikia chuma. Sikio la Mhaya husikia amachumu, mikuki. Wapo watakaotaka kuifanya kuwa ushahidi wa viwanda vya kale. Nawasihi wanafunzi wangu wasikimbilie huko.

Muda, hata hivyo, haupo upande wetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ule ulikata mnyororo wa kupokezana maarifa kati ya wazee na vijana. Mti wa Kaiija nao haupo tena. Mwishoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wa Katuruka wenyewe walianza kukusanya na kuhifadhi kilichobaki, bila kusubiri chuo kikuu.

Mwaka 1976, wazee wa Buhaya walimwonyesha Schmidt na wenzake namna ya kuyeyusha chuma kwa njia ya asili. Walijua mti upi watoa mkaa mzuri na manyasi yapi ya bwawani huchomwa ndani ya shimo la tanuri. Majina hayo ni msamiati, nao unatuhusu sisi. Mahali pa kuanzia papo: Minziro, mpakani na Uganda, msitu wa bondeni unaofurika maji, ambamo mipodo, jamii ya miti tuliyozoea kuiona milimani, imesimama karibu kabisa na usawa wa ziwa. Miti yenyewe ingalipo, na wapo wanaoweza kuitaja kwa Kihaya. Naomba mwanafunzi mmoja, mwaka huu, aende na daftari.