Bei ya Kunyamaza

Takataka zikiisha kuondolewa mlangoni, ni nani aulizaye zimechukuliwa na nani? Huko New York, Marekani, kwa miaka mingi kundi la Mafia liligawa maduka na hoteli kama mashamba. Kila mteja alikuwa na mwenyewe. Mchukuzi mwingine asithubutu kumkaribia. Bei ikapanda, watu wakalipa na kunyamaza. Robert Kubecka, mwenye malori ya taka huko Long Island, alikataa, akawasaidia wapelelezi kunasa sauti zao. Mwaka 1989 aliuawa pamoja na shemeji yake. Mwaka 1996 jiji la New York likaunda tume ya kuwachuja wachukuzi, na bei ikashuka. Wengi tukinyamaza, mmoja hulipia wote. Mungu atupe ujasiri tusimame naye mapema.