Kadi ya Meneja na Droo ya Sekretari: Kuweka Sahihi ya Kielektroniki katika Ofisi za Ukanda wa Chai, Kericho na Bomet



Nimepewa mada ya kuweka programu za sahihi ya kielektroniki na kadi janja kwenye kompyuta za ofisi. Kazi yenyewe, fundi aliyeizoea huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Nitaieleza, maana wengi mmekuja kwa ajili yake. Lakini nitangulize ninakoelekea: kinachoziangusha ofisi zetu katika jambo hili ni mazoea ya muhuri, kuliko ugumu wa programu.

Kila ofisi ya kiwanda au ya chama cha akiba na mikopo huku kwetu ina muhuri wa mpira, na muhuri huo hukaa kwenye droo ya sekretari. Meneja akiwa shambani, au ameteremka Mombasa kwa mambo ya mnada, barua haimsubiri. Sekretari hugonga muhuri, naibu hutia sahihi "kwa niaba ya", kazi ikaendelea. Utaratibu huo umeziendesha ofisi zetu tangu enzi za tapureta na sikuja hapa kuukejeli. Ila kadi janja ikitupwa kwenye droo ile ile, na namba yake ya siri ikabandikwa chini ya kibodi, basi pesa zimeshapotea na hata barua ya kwanza haijatoka.

Kwa nini? Tuanzie kwenye sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 ilirekebishwa 2009, na marekebisho hayo ndiyo yaliyoipa sahihi ya kielektroniki nguvu nchini. Sheria inaitambua pia ile iliyo ya daraja la juu, na inaiwekea masharti manne. Ihusiane na mtia sahihi peke yake. Iweze kumtambulisha. Itengenezwe kwa njia ambayo yeye mwenyewe anaweza kuidhibiti peke yake. Tena iungane na maandishi kiasi kwamba yakibadilishwa baadaye, hata nukta moja, badiliko hilo lionekane. Machi 2020, mwezi ule ule kisa cha kwanza cha Korona kilipotangazwa nchini, Bunge liliipeleka sahihi hiyo hadi kwenye Sheria ya Mikataba, kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara.

Sharti la tatu ndilo linalogongana na droo. Fikirini mkataba wa kusafirisha majani umefika mahakamani. Wakili wa upande wa pili hana haja ya kuvunja hesabu za kompyuta. Atamwita sekretari kizimbani amuulize: tarehe hiyo, saa tano asubuhi, kadi ilikuwa mkononi mwa nani? Sekretari akijibu kwa ukweli, na anapaswa kujibu kwa ukweli, mkataba umeanza kuyumba. Muhuri haukuwahi kudai kuwa mkono wa mtu fulani. Ulikuwa wa ofisi. Kadi ndiyo inayodai kuwa mkono wa mtu fulani, na hiyo ndiyo thamani yake yote.

Hapa tuitenge kadi hii na ile mnayoijua zaidi. Penye mizani ya kielektroniki kwenye vituo vya kukusanyia majani, mkulima hutambuliwa kwa kadi na kilo zake zikaingia kwenye akaunti. Mwenye shamba akimtuma kibarua na majani pamoja na kadi, hakuna kilichoharibika: kadi ile husema majani ni ya nani, haisemi nani ameyabeba. Kadi ya sahihi ni kinyume chake kabisa. Nimeona watu wakizichanganya hizi mbili kwa sababu tu zote ni plastiki zenye chipu. Kadi ya benki nayo ina chipu, na haitii sahihi kwenye mkataba wa mtu. Kinachotakiwa ni cheti cha kidijitali kilichotolewa na mtoa huduma mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Anayekuuzia kadi na hawezi kukuonyesha leseni hiyo, mpe chai umuage kwa heri.

Mtauliza haja iko wapi. Tazameni safari ya jani. Shambani, kilo zinaingia kwenye mizani ya kielektroniki. Mwisho wa safari, mnada ulioanzia Nairobi 1956 na kuhamia Mombasa 1969 uliacha nyundo 2020 na sasa unaendeshwa kwenye skrini. Katikati ya ncha hizo mbili ndipo tulipo sisi, na huku bado karatasi inachapwa, inatiwa sahihi, inaskaniwa, inatumwa kwa baruapepe, na anayeipokea anaichapa tena ili aijibu. Ile picha ya sahihi ya meneja ambayo makarani wengi wameihifadhi kwenye kompyuta na kuibandika kwenye barua, ni picha tu. Yeyote aliyewahi kupokea barua hiyo anaweza kuikata na kuibandika kwenye barua yake mwenyewe.

Kadi haifanyi kazi kwa picha. Ndani ya chipu yake kuna ufunguo wa siri uliozaliwa humo humo na usiotoka. Ukitaka kutia sahihi, programu huisoma faili yote na kuifupisha kuwa alama ya urefu maalumu. Kwa njia ya SHA-256 inayotumika sana leo, alama hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye kadi. Kadi hudai namba ya siri, huifunga alama kwa ufunguo wake, na kuirudisha. Anayepokea hutumia ufunguo wa umma ulio kwenye cheti kuhakiki kwamba alama na faili vinalingana. Angalieni jambo moja: kadi haiioni barua yenyewe. Inafunga chochote kompyuta inacholeta. Kompyuta yenye virusi inaweza kuonyesha barua ya likizo kwenye skrini huku ikipeleka hati ya mkopo kwenye kadi. Kwa hiyo kompyuta ya kutilia sahihi isiwe ile ya mapokezi ambayo kila mgeni huchomeka flashi yake.

Sasa kuweka. Chomeka kisomakadi kabla ya chochote. Windows za sasa huvitambua visomakadi vingi bila kuombwa. Kwenye Linux hakikisha huduma iitwayo pcscd inafanya kazi. Kisha weka programu ya mtoa cheti, ile inayoiunganisha kadi na mfumo wa kompyuta, ukiwa umeingia kwa akaunti ya msimamizi. Ipakue kwenye tovuti yake mwenyewe, si kwenye flashi ya rafiki. Ukikuta kwenye kompyuta kuna programu ya zamani ya kadi ya aina nyingine, iondoe kwanza, maana mbili zikigombea kisomakadi kimoja utapoteza siku nzima ukilaumu kadi nzima isiyo na kosa. Firefox mara nyingi huhitaji kuonyeshwa programu hiyo kwa mkono katika mipangilio ya usalama. Halafu ingiza vyeti vya mamlaka iliyokitoa cheti chako. Bila hivyo, sahihi iliyo safi kabisa itatokea na alama ya kuuliza, meneja atafoka, na fundi atalala ofisini.

Mwisho tia sahihi barua ya majaribio na uifungue kwenye kompyuta nyingine, ikiwezekana ya ofisi nyingine. Jaribio la kompyuta ile ile iliyotia sahihi halithibitishi kitu, kwa sababu hiyo imeshafundishwa kukuamini.

Hayo mtayakuta kwenye kijitabu cha mtoa huduma yeyote. Ambalo hamtalikuta ni Kericho. Huku kwetu radi na mvua ya mawe si habari, ni ratiba ya alasiri, na stima hukatika nayo. Kompyuta za ofisi nyingi ni kuukuu, na betri yake ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa siku nyingi. Stima ikirudi, saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka. Hapo programu itakuambia cheti hakijaanza kutumika, au itatia sahihi yenye tarehe ya kabla kampuni haijasajiliwa. Watu huita fundi wa kadi kumbe dawa ni betri ya dukani na kuiruhusu kompyuta ijirekebishe saa kwa intaneti. Nanyi mafundi, visomakadi viwe kwenye mashine zenye UPS na kinga ya mawimbi ya umeme. Bandari ya USB iliyopigwa na radi haiponi.

Kuhusu saa kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inataka hati za kodi zitunzwe kwa miaka 5. Cheti cha sahihi mara nyingi huishi mwaka mmoja hadi mitatu. Ankara uliyoitia sahihi leo itakaguliwa wakati cheti chake kimekwisha, na mkaguzi atauliza, na swali lake ni la haki: sahihi hii ilitiwa kabla cheti hakijaisha, au baada? Saa ya kompyuta yako haiwezi kuwa shahidi, kila mtu anaweza kuigeuza. Ndiyo sababu programu nzuri huomba mhuri wa muda kutoka kwa seva ya mtu wa tatu anayeaminika, na pia huhifadhi ndani ya faili uthibitisho kwamba siku hiyo cheti hakikuwa kimefutwa. Vyote viwili vinahitaji mtandao. Mtandao ukiwa umekatika huko Konoin, programu nyingine zitatia sahihi bila mhuri wa muda na kunyamaza. Rekebisheni mipangilio ili zikatae. Afadhali barua ichelewe hadi kesho.

Na tafadhali, makarani: hati iliyotiwa sahihi kwa kadi ikichapwa, ile karatasi ni nakala tu. Sahihi haimo ndani yake. Kuna ofisi moja, siitaji, iliyochapa kila mkataba, ikauweka kwenye faili la kijani kwa nidhamu ya kupigiwa mfano, kisha ikafuta PDF ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Walichobaki nacho kina uzito wa fotokopi. PDF ndiyo hati halisi. Iwekewe nakala mahali pawili. Msiiunganishe na kurasa nyingine wala kuihifadhi upya kwa programu ya kuhariri, itavunjika. Watia sahihi wakiwa watatu, kama kamati ya mikopo, kila mmoja aongeze sahihi yake juu ya faili ile ile kwa zamu, na viambatisho vyote viwemo kabla wa kwanza hajatia.

Sasa turudi kwenye droo. Meneja hataacha kusafiri na barua hazitaacha kuwa za haraka, kwa hiyo kuhubiri tu kwamba kadi isiguswe na mwingine ni kupoteza pumzi. Dawa ni bajeti: naibu awe na kadi yake yenye jina lake, na bodi iandike azimio linalompa mamlaka ya kutia sahihi hati fulani na hadi kiasi fulani. Hapo "kwa niaba ya" inakuwa kweli. Najua wapo watakaosema kadi mbili ni ghali kuliko moja. Ni kweli. Kesi moja ni ghali kuliko zote mbili.

Namba ya siri ichaguliwe na mwenye kadi mwenyewe, peke yake, siku ya kukabidhiwa. Kadi nyingi hujifunga baada ya kukosea mara tatu, na hufunguliwa kwa namba ndefu ya pili. Ile ya pili iwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, mbali na kadi. Mtu akiondoka mezani, kadi iondoke naye. Mkiifunga kwenye kamba moja na ufunguo wa choo cha wakubwa, hataisahau.

Wanaodhani hii ni teknolojia isiyoteleza waikumbuke Estonia, nchi ambayo raia wake wana kadi za namna hii tangu 2002. Mwaka 2017 watafiti, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Masaryk huko Brno, waligundua kasoro katika namna chipu zilizotengenezwa na Infineon zilivyozalisha funguo. Kadi takriban 750,000 ziliguswa, na mapema Novemba serikali ikasimamisha vyeti vyake hadi vifanywe upya. Nchi haikusimama, kwa kuwa walikuwa na njia ya kubadilisha vyeti upesi na walijua kadi zipi ziko kwa nani. Muulizeni mtoa huduma wenu swali hilo kabla ya kulipa: chipu ikipata kasoro, mtatubadilishia vipi na kwa siku ngapi? Na nyinyi wenyewe wekeni daftari la kadi: jina, namba ya kadi, cheti kinaisha lini.

Msianze na kila kitu. Anzeni na hati za ndani: maombi ya ununuzi, hati za malipo, kumbukumbu za mikutano ya bodi. Baadaye mikataba ya wasafirishaji na wauza kuni. Wosia wa mzee anayetaka kugawa shamba lake la chai hauhusiki, sheria imeuacha kwa kalamu na mashahidi.

Limebaki la uhamisho, maana mameneja wa viwanda huhamishwa, na kwa kawaida hupewa muda mfupi. Cheti hubeba jina lake na mara nyingi la kampuni anayoitumikia, kwa hiyo akihamia kiwanda kingine hakimfuati. Kukusanya kadi hakutoshi; mtoa huduma aombwe kukifuta cheti, na ombi hilo liandikwe siku anapokabidhi ofisi, asubuhi, kabla ya hotuba na mbuzi wa kumuaga. Hati alizotia sahihi kabla ya saa hiyo, zikiwa na mhuri wa muda, zitaendelea kuwa halali. Fomu ya kuomba kufuta huwa kwa mtoa huduma; chukueni kadhaa mapema, na amueni leo ni nani katika ofisi yenu atakayeijaza.