Fundi Aliyevua Gwanda: Mitambo ya Jeshi na Kazi za Uraiani



Watanzania wengi wakisikia habari za rada huikumbuka ile “chenji ya rada”, yaani fedha za ununuzi wake zilizorudishwa nchini na kununua vitabu na madawati ya shule. Leo sikuja kuzungumzia bei. Nauliza jambo jingine: rada ikizima saa nane usiku, ni nani anayeiamsha, alifunzwa wapi, na akishavua gwanda ujuzi wake unakwenda wapi? Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo. Ujuzi wa fundi wa jeshi haupotei kwa sababu mitambo ya uraiani ni tofauti. Hupotea kwa sababu hakuna aliyeuandika mahali ambapo mwajiri anaweza kuusoma.

Nitaanzia Marekani, kwa kuwa ndiko jambo hili lilikofanyika kwa wingi na likaacha kumbukumbu. Nchi hiyo ilipoingia vitani Desemba 1941, jeshi lake la majini lilikuwa linafunga rada kwenye meli nyingi kuliko mafundi waliokuwepo. Aliyekabidhiwa kazi ya kuwapata mafundi hao ni William Eddy. Alikuwa ofisa wa nyambizi aliyestaafishwa katika miaka ya 1930 kwa sababu ya uziwi, akaingia kwenye televisheni, teknolojia iliyokuwa changa wakati ule, na hatimaye akaongoza kituo kimoja huko Chicago. Vita vilipofika, alirudi jeshini na ujuzi alioupata uraiani. Msisahau hilo: njia hii tangu mwanzo imekuwa ya kwenda na kurudi.

Mpango wa Eddy ulikuwa na mtihani mgumu wa kuingilia na mafunzo yaliyokaribia mwaka mzima. Vijana hawakupewa bisibisi siku ya kwanza. Walipewa hisabati. Mwalimu mmoja wa jeshi hilo, Nelson Cooke, alichapisha mwaka 1942 kitabu cha hisabati kwa mafundi wa umeme na redio. Baada ya hisabati zikaja kanuni za mkondo, kisha vali, kisha saketi, na mwisho kabisa mtambo wenyewe. Rada zilikuwa zinabadilika haraka mno. Kijana aliyekariri mtambo mmoja angeweza kupanda meli akakuta mwingine kabisa.

Mbinu waliyofundishwa ndiyo mali yenyewe, kwa hiyo niruhusuni nikae hapo kidogo. Chukueni mtambo wenye hatua 16 kati ya antena na kioo. Mawimbi yanaingia, kioo ni cheusi. Fundi asiye na mbinu ataanza hatua ya kwanza, apime, aende ya pili, apime, na huenda akapima mara 15 kabla ya kumkamata mhalifu. Fundi aliyefunzwa huweka mita katikati, baada ya hatua ya nane. Mawimbi yapo? Basi ubovu uko mbele. Hayapo? Uko nyuma. Kwa kupima mara moja, nusu ya mtambo imeondolewa kwenye mashaka. Anagawa tena, na tena. Mara nne zinatosha. Hatua zikiwa 32, anaongeza kipimo kimoja tu. Hakuna kitu cha kijeshi katika hesabu hiyo. Itafanya kazi vilevile kwenye mnara wa simu, kwenye mashine ya kusafisha damu hospitalini, na kwenye mfumo wa benki uliogoma.

Jeshi hilo la majini liliipanga kazi nzima katika hatua sita: kuitambua dalili, kuichunguza zaidi, kuorodhesha sehemu zinazoweza kuwa na ubovu, kuipata sehemu yenyewe, kuipata saketi ndani ya sehemu hiyo, na mwisho kueleza kwa nini kifaa kimekufa. Ya sita ndiyo inayomtenga fundi na mbabaishaji. Fyuzi iliyoungua haielezi chochote, ni matokeo. Ukiweka mpya bila kuuliza kilichoiunguza, mteja atarudi wiki ijayo, na safari hii huenda kilichoungua ni transfoma. Nasikitika kusema kwamba karakana zetu nyingi huishia hatua ya tano.

Sasa watu wenyewe. Douglas Engelbart aliitwa jeshini akiwa mwanafunzi, akafunzwa rada, akapelekwa Ufilipino vita vikiwa vimekwisha. Katika maktaba ndogo ya Msalaba Mwekundu kisiwani Leyte alisoma makala ya Vannevar Bush iliyochapishwa mwaka huo wa 1945, iliyoeleza mashine ya kumsaidia mtu kutunza na kuunganisha maarifa yake. Miaka michache baadaye, kompyuta zikiwa bado zinalishwa kadi zilizotobolewa, alitambua kwamba mashine inayoweza kutoboa kadi inaweza pia kuchora kwenye kioo, na mtu akakaa mbele yake akaiongoza. Alilijua hilo kwa sababu alishakaa mbele ya kioo cha rada. Tarehe 9 Desemba 1968, jijini San Francisco, aliwaonyesha wataalamu maandishi yanayorekebishwa kwenye skrini na kipanya kinachosogezwa kwa mkono. Kipanya mnachoshika kila siku kina ukoo na rada.

Ken Olsen alikuwa fundi wa kielektroniki katika jeshi hilohilo la majini kuanzia 1944 hadi 1946. Alikwenda MIT, na mwaka 1957, yeye na Harlan Anderson walianzisha kampuni ya kompyuta ya Digital kwa mtaji wa dola 70,000, ndani ya kiwanda kikuukuu cha sufi huko Maynard, Massachusetts. Jack Kilby alikuwa akitengeneza redio za jeshi kwenye shamba la chai kaskazini mashariki mwa India. Mwaka 1958 aliunda saketi unganishi ya kwanza, na mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mtaniambia hao ni vipaji, na vipaji havihitaji mpango. Sikubali. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwarudisha askari uraiani. Ililipa ada hadi dola 500 kwa mwaka, na posho ya kujikimu iliyoanzia dola 50 kwa mwezi. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1956, watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kupata mafunzo kwa fedha hizo. Milioni 2.2 walikwenda vyuoni. Wengi zaidi walikwenda shule za ufundi na nyinginezo, na wapatao milioni 1.4 walifunzwa wakiwa kazini. Nyuma ya kila Olsen kulikuwa na maelfu ya mafundi wa simu, wa televisheni na wa viwanja vya ndege ambao hakuna anayeandika habari zao.

Sheria hiyo haikuwatendea wote haki. Utekelezaji wake uliachwa mikononi mwa maofisa wa majimbo na miji, na huko Kusini askari weusi walinyimwa milango ambayo sheria ilisema iko wazi. Tena jeshi la majini lilikuwa limewaweka wengi wao jikoni na mezani kwa maofisa, mbali na rada, kwa hiyo hata ujuzi wa kuhamisha hawakupewa. Tukiiga, tuige kwa macho.

Kuna tatizo jipya pia. Mitambo ya leo hujipima yenyewe na kutaja kadi ya saketi iliyoharibika. Askari wa mstari wa mbele huchomoa kadi, huchomeka nyingine, na ile mbovu hupelekwa karakana ya nyuma. Vitani huo ni utaratibu mzuri. Kwa fundi ni hatari, maana anaweza kutumikia miaka mingi bila kushika chuma cha kulehemu. Ndiyo maana simwulizi askari mstaafu amefanya kazi kwenye mtambo gani. Namwuliza kadi zilizoharibika zilikwenda wapi, na kama aliwahi kuzifuata.

Na askari naye ana la kujifunza. Jeshini kipuri huombwa stoo. Uraiani lazima useme bei, utetee bei hiyo, na wakati mwingine umshauri mwenye mashine aitupe. Jeshini mkubwa wako anajua unachozungumza. Uraiani utamweleza mganga mkuu, ambaye hataki kusikia habari za volteji, anataka kujua mgonjwa wa kesho atapimwa au hatapimwa.

Kazi zenyewe zipo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga imefunga rada za kiraia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na duniani kote mafundi wanaotunza mitambo ya aina hiyo wanatambuliwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kama fani yenye viwango vyake vya mafunzo. Hospitali zetu zina mashine zilizofunikwa shuka kwa sababu hakuna wa kuzifungua. Minara ya simu imejaa vilimani.

Kinachokosekana ni karatasi. Marekani leo askari anaweza kuandikiwa saa zake za kazi hadi apate cheti cha ufundi kinachotambuliwa na wizara ya kazi, mafunzo yake hugeuzwa alama ambazo vyuo vinaweza kuzipokea, na kuna utaratibu wa kumruhusu atumie hadi siku 180 za mwisho wa utumishi akijifunza kazi kwenye kampuni ya kiraia huku akilipwa mshahara wa jeshi. Sisi tuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na tuna mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mafundi magari, waashi na wapishi wamepimwa na kupewa vyeti. Sioni kwa nini koplo aliyetunza transmita miaka kumi asipite mlango huohuo.

Najua hoja ya usiri. Ina jibu. Cheti hakihitaji kutaja aina ya mtambo wala kikosi ulipo. Kinahitaji kusema: huyu anapima saketi za masafa ya juu, anasoma michoro, anafuata hatua zote sita, amefunzwa kwa saa kadhaa katika masomo haya na haya. Adui hapati chochote katika maneno hayo, na mwajiri anapata yote anayoyataka.

Basi, makamanda mliopo hapa, nawaomba kila fundi anayeondoka apewe rekodi ya namna hiyo, iliyopigwa mhuri, kabla hajakabidhi sare. Na wewe, Makamu Mkuu wa Chuo, nakuomba rekodi hiyo ikifika mezani kwa msajili wetu isirudishwe kwa sababu haifanani na cheti cha kidato cha sita. Mwiteni mwenye nayo, mpeni mita na mtambo mbovu, mkae mwone anaanza kupima wapi.